Tupeane uzoefu: kuvuna na kupika rozela ya nyumbani

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, nawasalimu. Msimu wa rozela, au choya kama wengine wanavyoiita, umewadia, na najua wengi wetu tuna mashina machache nyuma ya nyumba au pembezoni mwa bustani ya mboga. Naomba tupeane uzoefu, kwa sababu ile tunayoinunua sokoni ikiwa imepauka na kujaa vumbi haitupi hata nusu ya ladha ya ile tunayoichuma wenyewe.

Ua lenyewe huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Kinachovunwa ni ganda jekundu linalobaki likizunguka tumba la mbegu, ambalo huendelea kunenepa kwa takriban wiki mbili hadi tatu baada ya ua kudondoka. Mimi huchuma umande ukishakauka, na kipimo changu ni vidole: ganda lililo tayari likikunjwa huvunjika kwa mlio kama karoti, ilhali lililopitiliza hunywea na kuwa gumu, na tumba la ndani huanza kupasuka. Kwa kuwa maua hukomaa kuanzia chini ya tawi kwenda juu, hakuna siku moja ya mavuno. Anayepita kila baada ya siku chache na kuchuma yaliyo tayari hulifanya shina liendelee kuzaa.

Mchangiaji, Dodoma

Nakubaliana nawe kuhusu kuchuma kidogo kidogo. Huku kwetu tunapanda mvua zikishashika, mwezi Desemba, na mavuno huangukia kiangazi, jambo linalotusaidia sana katika kukausha. Nawasihi mkaushie kivulini, kwenye wavu ulioinuliwa na penye upepo, kwa maana jua kali hufifisha rangi, na turubai iliyotandikwa chini hukusanya mchanga ambao hautoki hata ukisuuza mara ngapi. Kilo kumi za maganda mabichi hutoa takriban kilo moja tu ya makavu, hivyo ni vyema kuamua mapema ni kiasi gani kitapikwa kikiwa kibichi.

Jambo jingine: rozela, bamia na pamba ni za ukoo mmoja, na wadudu wekundu wanaofyonza mbegu za pamba huipenda vilevile. Msiipande mahali palipotoka bamia.

Mchangiaji, Kigamboni

Naomba tuzungumzie sufuria, kwani hapa ndipo juisi nyingi zinapoharibikia. Rozela ina asidi kali, na sufuria zetu za kawaida za alumini hazipatani nayo. Asidi huila alumini, na juisi hupata ladha ya chuma. Tumieni sufuria ya stili au chungu. Mimi huchemsha kwanza maji pamoja na tangawizi iliyopondwa, mdalasini na karafuu chache, kisha ndipo natia maganda, nafunika na kuepua baada ya dakika chache, na sukari hufuata nikishachuja. Ikichemka muda mrefu harufu yake hupotea na kinachobaki ni uchachu mtupu.

Mchangiaji, Tanga

Nimefurahi sana kuiona mada hii, kwa kuwa jamu ya rozela ndiyo kazi niipendayo kuliko zote za jikoni. Wengi hutupa matumba ya mbegu baada ya kubandua maganda, na kwa maoni yangu huo ni upotevu mkubwa, kwa sababu matumba mabichi, ya kijani, yana pektini inayoifanya jamu igande bila kuongezwa kitu chochote cha dukani. Ninakata kitako cha kila tunda kwa kisu kidogo, nasukuma tumba litoke upande wa pili, kisha natia matumba yote katika maji yanayoyafunika na kuyachemsha mpaka yalainike na maji yaanze kuteleza. Nayachuja, na ndani ya maji hayo hayo napika maganda mpaka yapondeke kwa mwiko. Hapo napima rojo kwa kikombe, natia sukari kikombe kwa kikombe, naongeza moto na kukoroga bila kuondoka.

Ili kujua kama imeiva, weka kisahani kwenye friji mapema, dondoshea tone la jamu, subiri lipoe, halafu lisukume kwa kidole; likijikunja juu kama ngozi, epua mara moja na ujaze chupa zilizochemshwa zikiwa bado za moto.

Mchangiaji, Mwanza

Nyongeza fupi. Majani machanga nayo ni mboga yenye uchachu mzuri, hasa yakiungwa kwa karanga. Tena, utafiti umeonyesha kwamba kinywaji cha rozela kinaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani, kwa hiyo anayetumia dawa za presha amweleze daktari wake na asiache dawa kwa ajili ya juisi.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nashukuru sana, hasa kwa elimu ya matumba. Kwa watakaohitaji mbegu za msimu ujao, chagueni shina moja lenye maganda manene na msilichume kabisa. Acheni matumba yake yakaukie mtini mpaka yawe ya kahawia, kisha myavune kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu chini.