Maonyo ya GCC kwenye maktaba ya C: nikasti yote yanyamaze?

pointa_tupu
Wakuu, salaam. Nimeachiwa maktaba ya C ya siku nyingi, ile ya chini inayoongea moja kwa moja na keneli: faili, soketi, kumbukumbu. Kazi inafanya. Shida nikiikompaili na GCC (kompaila ya C) kwa `-Wall -Wextra -O2`, yaani maonyo mengi yakiwa yamewashwa pamoja na uboreshaji wa kasi, maonyo yanamwagika mpaka sijui nianzie wapi. Mengi ni ya `-Wsign-compare` (kulinganisha namba inayobeba hasi na isiyobeba), mfano hapa:

```
ssize_t n = read(fd, buf, sizeof buf);
if (n < sizeof buf)
    return -1;
```

Kiongozi wetu anataka `-Werror` iwashwe, kila onyo lihesabiwe kosa. Nafikiria nikasti, yaani nilazimishe aina kwa kupachika `(size_t)` kila panapolalamikiwa, nimalize. Kuna ubaya?

kimya_kimya
Weka `-w`, izime maonyo yote, ulale. Msimbo umefanya kazi miaka yote, leo ndio uharibike?

mzee_wa_makefile
Mkuu, usikasti kwanza. Huo mfano wako una hitilafu ya kweli. `read` ikishindwa inarudisha -1. `sizeof` ni ya aina isiyobeba hasi, kwa hiyo kabla ya kulinganisha, -1 inageuzwa kuwa namba kubwa kuliko zote za `size_t`. Sharti linakuwa si kweli, programu inapita hapo ikidhani bafa imejaa, kumbe haikusomwa hata baiti moja. Ukipachika `(size_t)n` onyo linaondoka na hitilafu inabaki palepale, sasa bila wa kuisemea. Andika hivi:

```
if (n < 0 || (size_t)n < sizeof buf)
    return -1;
```

Hapo kukasti ni halali, maana umeshahakikisha n si hasi.

Na wewe kimya_kimya, msimbo ulifanya kazi na kompaila ya zamani. Kuita funksheni isiyotangazwa lilikuwa onyo tu kwa miaka mingi. Tangu GCC 14 ya mwaka 2024 ni kosa, haikompaili. Na ni haki yake: kompaila ilikuwa inadhania funksheni inarudisha `int`, kwa hiyo kwenye mashine ya biti 64 pointa ilikatwa nusu.

biti_ya_mwisho
Niongezee la Debian (toleo la Linux) kwa wanaopenda kunyamazisha. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) aliondoa msimbo uliokuwa ukileta malalamiko ya kumbukumbu isiyoanzishwa kwenye Valgrind, zana ya kukagua kumbukumbu. Si kompaila, lakini ugonjwa ni uleule. Msimbo huo ndio uliokuwa ukiingiza ubahatishaji kwenye jenereta ya namba. Kilichobaki kutofautisha funguo kikawa karibu namba ya mchakato peke yake, yaani uwezekano kama 32,768. Iligundulika Mei 2008, funguo za SSH na vyeti vikabidi vitengenezwe upya.

pointa_tupu
Duh. Sawa, nimeelewa. Na hizi za `-Wstrict-aliasing` (kusoma kumbukumbu ya aina moja kwa pointa ya aina nyingine), pale tunaposoma `*(uint32_t *)p` kutoka kwenye bafa ya `char`?

mzee_wa_makefile
Tumia `memcpy` ya baiti nne kwenda kwenye `uint32_t`. Usiogope kasi, kwa `-O2` GCC kwa kawaida inaifanya kuwa agizo moja la kusoma, na unapona pia na mashine zinazokataa anwani isiyopangika. Keneli ya Linux yenyewe inakompailiwa na `-fno-strict-aliasing`, inayozima kanuni hiyo, lakini wale wanatawala jinsi msimbo wao unavyojengwa. Maktaba yako itajengwa na watu wengine kwa vigezo vyao.

Kuhusu `-Werror`: iwashe kwenye seva yenu ya majaribio, usiiweke kwenye Makefile mnayowapa watumiaji. GCC 7 ilipotoka 2017, `-Wextra` iliongezewa `-Wimplicit-fallthrough` (`case` inayoteremkia inayofuata bila `break`); msimbo uliokuwa safi jana ukaanza kulalamikiwa bila kuguswa.

dada_segfault
Usisahau `write`. Ukipata `-Wunused-result` (jibu la funksheni halikutazamwa), `(void)write(...)` haisaidii, GCC inaipuuza. Na ina sababu: `write` inaweza kuandika pungufu ya ulichoomba, au kukatizwa na signali ikarudi na `EINTR`. Panahitaji lupu, na makosa yapande juu kwa aliyeita. Za `-Wunused-parameter` (kigezo cha funksheni kisichotumika) ziweke mwisho kabisa, hizo ni usafi tu.

pointa_tupu
Asanteni. Nimeanza na `-Wsign-compare`. Sehemu moja nimebadilisha `int i` kuwa `size_t i`, onyo likaondoka, likaja la `-Wtype-limits` (ulinganisho ambao jibu lake halibadiliki kamwe):

```
for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)
```

dada_segfault
Hiyo haitasimama, mdogo wangu. `size_t` haishuki chini ya sifuri, ikitoka 0 inarukia juu kabisa na unaanza kusoma nje ya safu. Na n ikiwa 0 umeshaharibu mwanzoni tu. Hivi:

```
for (size_t i = n; i-- > 0; )
```