Ndugu wakisema "umetuanika": mwandishi abadilishe nini, aache nini?

ChoraMstari
Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoandika riwaya. Muswada ukishasomwa na ndugu, maoni huja yamechanganyika: shangazi anasema yule mlevi ni marehemu kaka yake, mwingine anakerwa na matusi, wa tatu anadai mwisho haueleweki. Yapi ya kufanyia kazi, na unajibuje bila kuiua hadithi?

Wino Mkavu
Yatenge kwanza, dawa zake si moja. "Mwisho haueleweki" ni la ufundi. Lipokee kama la msomaji mwingine yeyote. Matusi ni suala la ladha, amua na mhariri wako. Kazi ipo kwenye "huyu ni fulani".

Hapo wengi hubadili jina tu, wakadhani wamemaliza. Watu hawamtambui mtu kwa jina. Wanamtambua kwa msemo wake, jina la utani, kazi, nafasi yake ya kuzaliwa, idadi ya watoto, namna alivyokufa. Viwili vitatu vikikutana, ukoo mzima umeshajua. Orodhesha alama zote za mhusika, kisha badili zile ambazo hadithi haizitegemei. Kama ulevi ndio unaoendesha kisa, uache. Badili kazi, mfanye kifungua mimba badala ya kitinda mimba, na umnyang'anye ule msemo. Amini usiamini, msemo huchoma kuliko ulevi wenyewe.

Halafu pitia muswada wote upya. Ukimgeuza dereva kuwa fundi cherehani, sura ya 9 utamkuta bado ana funguo za lori mfukoni.

BintiKalamu
Naongezea upande wa kujibu. Usijibu siku hiyohiyo, na usiseme "ni hadithi tu". Shangazi ameona maneno ya kaka yake kwenye karatasi. Ukimwambia hivyo unamfanya mjinga. Muulize: ukurasa upi, sentensi ipi? Mpe penseli apige mstari. Mara nyingi malalamiko ya kitabu kizima hushuka hadi mistari minne au mitano. Hiyo inajadilika. "Umetuanika" haijadiliki.

Kingine: msimulizi akiwa "mimi", ndugu hudhani ni wewe. Usihamie nafsi ya tatu kwa sababu hiyo peke yake, utaishia kuandika upya kila sentensi na sauti ya msimulizi itapotea.

Msomaji Mkali
Na lile tangazo la "wahusika wote ni wa kubuni" lisiwape usingizi. Lilishika kasi baada ya kesi ya London ya 1934: Irina Yusupov, binti wa ukoo wa kifalme wa Urusi, aliishinda kampuni ya filamu ya MGM kwa filamu iliyomhusu Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu na mfalme wa Urusi, akalipwa pauni 25,000. Jina la mhusika halikuwa lake, ila watazamaji waliweza kumtambua. Chini ya sheria ya Uingereza marehemu hakashifiwi mahakamani, lakini mjane na watoto wake wangali hai na wanaweza kudai wamechafuliwa wao.

ChoraMstari
Shukrani. Sasa nani apewe muswada asome, na lini?

Wino Mkavu
Anayeguswa tu, tena kurasa zinazomgusa pamoja na muhtasari mfupi wa kisa. Rasimu iwe imekamilika lakini kitabu hakijapangwa kurasa. Baada ya hapo, ukikata aya moja kurasa zinazofuata zote zinasogea. Mpe wiki mbili na mwambie mapema kwamba unaomba maoni, si kibali. Usipolisema hilo mwanzoni, atarudi na kalamu nyekundu.