Mjadala: Meza yetu imerudi kwenye sheria za 1981, na nasema ndizo zinazotufaa huku kusini

MLETA MADA, MIKINDANI

Wakuu, habari za jioni. Nalileta hili hapa kwa sababu limetugawa na sipendi tuendelee kununiana.

Kundi letu linacheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi baada ya Alasiri, barazani kwa rafiki yetu hapa Mikindani. Kwa asiyeujua mchezo huu: mmoja ni msimulizi, kila mwingine ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo mbele yao, wao wanasema wanafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Tulianza na toleo la 2014. Mwaka jana nikawaomba turudi kwenye sheria za msingi za 1981. Wawili wakajitoa, wakaanzisha meza yao Shangani kwa toleo la 2024, na mpaka leo tukikutana sokoni ni ubishi uleule.

Msimamo wangu ni huu: toleo la zamani linamlazimisha mtu aseme. Jipya linamfundisha kusoma karatasi.

Katika toleo la 2014 kuna ujuzi 18 kwenye karatasi ya mhusika, ukiacha uwezo wa kazi yake na wa asili yake, vyote kwa Kiingereza. Kila wiki nilikuwa naona jambo lilelile. Namwambia mtu, "Mbele yako pana mlango, na upepo unapita chini yake." Anainamisha kichwa, kidole kinashuka kwenye orodha, kinasimama. "Utambuzi." Anarusha dadu. Kumi na saba. "Naona nini?" Mlango wenyewe hakuna aliyeutazama.

Sheria za 1981 zina sifa sita. Tumeziita nguvu, akili, busara, wepesi, afya na haiba, na mhusika mzima anaenea nusu ukurasa wa daftari. Ukitaka kujua kilichopo nyuma ya mlango, uliza.

Niwape mfano mmoja. Niliwapeleka wenzangu kwenye magofu niliyoyachora kwa kufuata Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, na lile bwawa lake la pembe nane. Dada mmoja wa Ligula, fundi cherehani, mhusika wake alikuwa amebakiwa na pointi 3 za uhai. Akauliza, "Maji yananuka nini?" Chumvi. "Yametulia?" Hapana, yanacheza, na upepo hakuna. Akafikiri, kisha akasema anafungua mfuko wake wa unga wa muhogo na kuunyunyiza ukingoni pote, polepole, akirudi kinyumenyume. Nikamwambia: kwenye unga zimetokea nyayo mbili, vidole vinakutazama wewe. Baraza zima likanyamaza. Hapo hakuna aliyegusa dadu. Katika miaka yote ya kucheza sijaona kitu kama kile, na najua kwa karatasi ya ujuzi 18 angesema neno moja na kurusha.

Kuna suala la ngazi pia. Kwa sheria za 1981 kila sarafu ya dhahabu unayoitoa shimoni ni pointi 1 ya uzoefu, na kiumbe wa daraja la kwanza ukimuua unapata 10 tu. Mpiganaji anahitaji 2,000 kupanda ngazi ya pili. Fanya hesabu mwenyewe: anayepigana kila kona atakufa maskini. Kwa hiyo watu wanajificha, wanahonga, wanazungumza na majini, wanazunguka kwa nyuma. Toleo la 2014 linakupandisha kwa 300, na pointi hizo zinatokana hasa na kushinda maadui. Mchezo wote unageuka vita.

Na vifaa? Dadu za pande 20 hapa Mtwara haziuzwi dukani. Wenye mchezo nao yaliwahi kuwakuta: mwaka 1979 dadu ziliadimika huko Marekani, wakauza boksi la mchezo likiwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, uchomoe kwenye kikombe. Sisi tunatumia korosho ghafi 20 zilizoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Unatikisa kikombe, unachomoa, unarudisha.

Kasoro ninazikubali. Jedwali la kupiga la 1981, ambalo kinga ikiwa bora namba yake inashuka, linachosha kichwa bure. Toleo la 2000 lilinyoosha: rusha, ongeza, fikia namba. Hilo tumelichukua na halirudi.

Karibuni.

MDAU, LINDI MJINI

Kaka wa Mikindani, salaam. Simulizi ya unga nimeipenda kweli. Ila naomba nikupinge, na mimi pia ni msimulizi.

Yule dada wa Ligula anajua kuzungumza. Mezani kwangu yupo mdogo wetu mmoja anayefanya kazi bandarini, ana kigugumizi. Kwa sheria zako yeye angekuwa mtazamaji. Kwa toleo la 2014 karatasi yake inasema mhusika wake ni mshawishi, ana +5 ya kuongeza kwenye dadu, na hiyo +5 haimwombi mtu ruhusa. Siku aliporusha 19 na mlinzi wa lango akatupisha, alitabasamu mpaka tukavunja kikao. Namba ilimpa kile ambacho ulimi wake unamnyima. Unaposema "uliza," unampa ushindi aliyezaliwa msemaji.

La pili ni haki. Meza isiyo na sheria nyingi inatawaliwa na moyo wa msimulizi. Akikupenda, unga wako unafanya kazi. Asipokupenda, atasema upepo umeupeperusha. Kabla sijaanzisha meza yangu nilikaa kwenye moja ya namna hiyo, na nilikuwa mwanamke peke yangu. Mawazo yangu yalikuwa yanapeperushwa kila wiki.

Na tukisifu ya kale tuyasome yote. Kitabu cha wachezaji cha 1978, cha toleo la juu, kiliweka kikomo cha nguvu kwa mhusika wa kike: mwanamke wa kibinadamu haruhusiwi kuvuka 18/50 (yaani 18 na asilimia 50 juu yake), mwanamume anafika 18/00, na hiyo 00 husomwa 100. Hiyo iliandikwa ikachapishwa kama sheria, na ikaondolewa kwenye toleo la 1989. Matoleo mapya yana makosa yake, lakini hayajaniambia nikae chini kabla sijarusha dadu.

Halafu kifo. Mchawi wa 1981 anaanza na dadu moja ya pande 4 za uhai na uchawi mmoja kwa siku. Ikifika sifuri amekufa, mwisho. Watu wangu ni wafanyakazi wa zamu, tunaonana mara moja kwa mwezi. Mtu atoke Mingoyo kwa bodaboda, afe dakika ya kumi, arudi? Kwa sheria za 2014 ukifika sifuri unazimia, unarusha kujiokoa, 10 na kuendelea ni salama, tatu salama unatulia, tatu mbaya ndiyo unakufa. Zile raundi chache wenzake wanapomkimbilia ndizo zinazosisimua kuliko zote.

Na la Kiingereza ni uvivu wetu sote. Tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo hilo zimewekwa kwenye leseni huria, kutafsiri ni ruksa. Mimi nimeshatafsiri ujuzi wote 18.

MDAU, MASASI

Msimu wa korosho sisi tuna saa mbili kwa wiki, zaidi hakuna. Kwa sheria za 1981 tunapigana mapambano matatu na kufungua masanduku. Kwa 2014 tunamaliza pambano moja, tena ikiwa kila mtu amesoma uchawi wake nyumbani. Kitabu cha msingi cha zamani ni kurasa 64. Cha wachezaji cha 2024 ni 384, na bado kuna cha msimulizi na cha viumbe. Kwetu mjadala uliishia hapo.

MLETA MADA

Dada wa Lindi, nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

La 18/50 sina utetezi nalo, ilikuwa dhuluma. Niongeze tu kwamba sheria za 1981 ninazotumia ni mkondo mwingine, na kikomo hicho hakimo. Zina ya kwao: mbilikimo na "elf" (kiumbe wa hadithi anayefanana na binadamu) ni kazi, mtu wa kabila hilo hawezi kuwa kitu kingine. Nimefuta hilo kwa kalamu.

La msimulizi mwenye upendeleo umenigusa, maana ni kweli hutokea, na pole kwa uliyopitia. Sisi tuna daftari. Kila uamuzi nje ya kitabu unaandikwa na mchezaji, mimi siandiki. Unga ukionyesha nyayo leo, umeandikwa, na mwezi ujao nikitaka kuupeperusha nitafunguliwa ukurasa. Mzee mmoja anayecheza bao jirani na baraza yetu aliliona daftari akasema bao nalo halina kitabu ila lina mashahidi: ukikosea namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete ubaoni, waliokaa pembeni watakwambia. Hiyo ndiyo kinga yangu, na naiamini kuliko kurasa 384 ambazo mezani amezisoma mtu mmoja.

Kifo sitakipunguza. Yule wa Ligula alinyunyiza unga kwa sababu alikuwa na pointi 3 na alijua sifuri ni sifuri. Ukimwekea raundi za kuokolewa, ataingia bwawani kwa miguu. Anayekufa kwetu anaandika mhusika mpya kwa dakika tano, anatokea chumba kinachofuata akiwa mateka aliyefungwa. Hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Lakini la mdogo wetu wa bandarini sina jibu kamili. Nilidhani kuuliza ni kwa wote.

MDAU, LINDI MJINI

Nashukuru kwa kulisema hivyo. Basi niambie, daftari lenu lina nini juu ya mtu anayenyamaza? Maana atakuja huko na mimi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nimeshamwambia.

MLETA MADA

Nimelifungua sasa hivi. Ukurasa wa 14, mwandiko wa yule fundi cherehani: "Aliyenyamaza mizunguko miwili, msimulizi amuulize mhusika wake anatazama nini. Akionyesha kwa kidole, inatosha."

Njooni na basi la asubuhi. Ramani ya bwawa nitaichora kubwa, aweze kuonyesha.