Kikohozi: asali sawa, lakini hiyo mizizi saba?

Wakuu, mmoja wenu kasema dawa zote za kienyeji za kikohozi ni uongo, zipigwe marufuku. Mwingine kajibu kwamba babu zetu walipona bila hospitali. Mimi nasema msizitie kapu moja.

Asali ushahidi inao. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 6 yenye watoto 899. Asali ilituliza kikohozi kuliko kutopewa kitu, na haikupitwa sana na dextromethorphan, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za maji za dukani. Kumbe bibi yangu wa Kondoa na kijiko chake cha asali ya nyuki wadogo hakuwa akibahatisha. Ila wengi wa watoto hao walipewa usiku mmoja tu, kwa hiyo tusiivishe asali joho la kutibu kila kifua. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe kabisa, inaweza kumletea sumu ya botulinum, inayopooza misuli.

Sasa njooni sokoni. Jumamosi nilisimama kwa muuzaji mmoja hapa Dodoma. Chupa za maji za nusu lita, ndani rangi ya kahawia, mashapo ya tangawizi yametuama chini kama tope. Inatibu nini?

"Kikohozi, pumu, TB, presha."

Ndani kuna nini?

"Mizizi saba."

Ipi? Akacheka, akamgeukia mteja mwingine. Lebo hakuna. Sheria ya Tiba Asili ya mwaka 2002 inawatambua waganga na imeunda baraza la kuwasajili, kwa hiyo habari ya marufuku haina mashiko. Tudai usajili na majina ya hiyo mizizi.

Nina sababu. Baba mdogo alikunywa chupa za namna hiyo miezi mitatu. Kila akimaliza moja kifua kinalainika siku mbili, anatusimanga sisi wa vidonge. Makohozi yalipopimwa, TB. Dawa akapewa bure, miezi 6. Muda wote ule alikuwa analala chumba kimoja na wajukuu wawili.

Hospitali wanasema kikohozi kikifika wiki mbili, kapime TB. Mtetezi wa mizizi saba anijibu: muuzaji yule angemwambia baba mdogo akapime wiki ya ngapi?