Raspberry Pi 4 inagoma kuandika kwenye kadi: nibadilishe mfumo?

mlinzi_wa_usiku
Wakuu, salaam. Nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye RAM gigabaiti 2, nimeificha nyuma ya kabati la vitabu. Inatunza picha za familia na kuchuja matangazo ya intaneti. Kwenye kadi yake ya microSD nimeweka Raspberry Pi OS Lite, ile isiyo na madirisha, iliyojengwa juu ya Debian 12, aina ya Linux. Miezi minne imekaa kimya hadi nikasahau kama ipo. Sasa kila baada ya siku tatu hivi naamka nakuta haihifadhi chochote, inadai mfumo wa faili ni wa kusomwa tu. Nikiizima na kuiwasha inarudi kama haijafanya kosa. Nimesakinisha upya mara mbili, nikabadilisha na kadi. Mke wangu ameanza kuuliza lini tutarudi kwenye kompyuta "ya kweli". Sitaki. Ile kubwa feni yake inanguruma usiku kucha. Hii ikitulia haifiki wati 5. Je, nihamie mfumo mwingine?

kamba_na_waya
Usihame, mkuu. Linux ikikutana na kosa kwenye ext4, mfumo wa faili wa kadi yako, hujifungia kuandika ili isiharibu zaidi. Hiyo ni dalili tu, ugonjwa uko kwingine. Andika `vcgencmd get_throttled`, amri inayoonyesha kama umeme umeyumba, utuletee jibu. Na chaja ni ipi?

bundi77
Mimi nasema kadi. Logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, zinaandikwa mfululizo na kadi huchoka. Weka log2ram, inayotunza logi kwenye RAM kwanza, na kwenye fstab (faili la mipangilio ya diski) ongeza noatime, ili kusoma faili kusisababishe kuandika.

mlinzi_wa_usiku
Jibu: `throttled=0x50000`. Chaja ni ya simu, 5V 2A. Simu inajaa vizuri tu, kwa hiyo sidhani kama ndiyo tatizo. Kadi ni mpya, bundi77.

kamba_na_waya
Tumempata mwizi. Hiyo 5 inasema mambo mawili: tangu uiwashe, umeme ulishawahi kushuka mno, na kichakataji kilishawahi kupunguziwa kasi. Sufuri za mwisho zinasema sasa hivi ni shwari, ndiyo maana ukichungulia mchana huoni kitu. Bodi hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Simu ina betri, chaja ikiyumba haijali. Pi haina pa kuegemea. Inataka volti 5.1 na ampea 3. Kuna diski umechomeka?

mlinzi_wa_usiku
Ipo! Diski ya kuzunguka, ya USB, niliiongeza mwezi jana kwa ajili ya nakala. Na nakala nimeipanga saa nane usiku, kila baada ya siku tatu. Aibu hii.

kamba_na_waya
Basi. Ikianza kuzunguka inavuta umeme kwa mkupuo, kadi inakatwa katikati ya kuandika. Tafuta adapta yenyewe ya Pi 4, na diski uipe umeme wake kupitia habu ya USB yenye adapta yake. Waya mrefu mwembamba nao unakula volti njiani.

mlinzi_wa_usiku
Mrejesho: adapta mpya, habu yenye umeme wake, na log2ram ya bundi77 juu yake. Leo siku ya 12, nakala nne zimepita, `throttled=0x0`. Ile kadi ya kwanza niliyoilaani nimeifukua kwenye droo, nikaipima kwa f3, programu ya kukagua kadi. Haina kosa hata moja.