Naomba ushauri: usiku wa kusoma kumchangia mwenzetu aliyeumia

Habari zenu wakuu. Sisi ni waandishi wachache tusio na mchapishaji. Kazi zetu tunazitoa fotokopi, tunazibana pini wenyewe na kuzigawa mkono kwa mkono. Mwenzetu mmoja aligongwa na gari wiki 3 zilizopita, mkono wa kulia umevunjika sehemu mbili. Juzi nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anajaribu kuandika kwa kushoto, herufi kubwa kubwa zinapanda na kushuka kama za mtoto wa chekechea. Aliponiona akalifunika daftari. Iliniuma sana.

Tumekubaliana tuandae usiku wa kusoma, fedha yote iende kwenye matibabu yake. Wasomaji 8, dakika saba saba, ukumbi tumepewa bure. Hapo hatuna shida.

Tunapokwama ni kiingilio. Wengine wanataka bei maalumu mlangoni. Mimi naogopa, maana watu wetu wengi mifuko imetoboka, na kapu la hiari likizungushwa katikati, watu wakiwa bado wameguswa, huenda likaleta zaidi. Mliowahi kufanya, lipi liliwasaidia? Na fedha ashike nani ili pasiwe na maneno baadaye? Napendekeza wawili wahesabu mbele ya wote, kisha dada yake akabidhiwe palepale.

Kubwa zaidi, mwenyewe hapendi kabisa kuonewa huruma. Tusome kazi zake bila yeye kuwepo, au tumwombe arekodi sauti yake akiwa kitandani? Nisaidieni jamani, zimebaki siku 12.