Tuanzie wapi tatizo la usanifu lisipokuwa na jibu moja? Kazi ya kubangua karanga

MwakaKwanza_Dom aliuliza:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa Dodoma. Katika somo la utangulizi wa usanifu wa kihandisi, kundi letu la watu watano limepewa kazi yenye sentensi moja tu: “Punguzeni ugumu wa kubangua karanga katika kaya za wakulima wadogo.” Hatukupewa vipimo, bei, wala kanuni ya kukokotolea. Tulichora mashine ya mota ya umeme yenye ngoma ya chuma, tukakokotoa kasi ya mzunguko na nguvu ya mota, tukawasilisha kurasa 12. Mwalimu alirudisha ripoti bila kugusa hesabu hata moja, na juu yake aliandika: “Haya ni majibu. Swali liko wapi?”

Tangu sekondari tumezoea maswali ya fizikia ambayo majibu yake yako mwishoni mwa kitabu, kwa hiyo mtu hujua papo hapo kama amepata au amekosa. Hapa kila mmoja wetu ana wazo lake, na kila wazo linatetewa vizuri na mwenye nalo. Naomba mnielekeze: tunaanzia wapi, na tutajuaje kwamba tumefika?

Mhandisi_Mstaafu alijibu:

Mwanangu, mwalimu wako amekutendea haki. Mmechukua chombo mlichokipenda mkakitafutia kazi, na kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe nikiwa kazini, tena kwa fedha za watu wengine.

Sentensi mliyopewa si tatizo bado. Ni malalamiko ya mtu aliyechoka. Kazi yenu ya kwanza ni kuuliza ugumu huo ni upi hasa. Je, ni muda unaopotea, ni vidole vinavyouma, ni punje zinazovunjika, au ni gharama ya kulipa vibarua? Kila jibu hapo linazaa mashine tofauti, na mojawapo huenda halihitaji mashine kabisa. Mkishajua, andikeni vigezo, yaani mambo ambayo suluhisho litapimwa kwayo, na vikwazo, yaani mipaka isiyovukwa. Mota yenu ingeanguka hapo hapo kwenye kikwazo cha kwanza ikiwa kaya mnayoilenga haina umeme, na hesabu zenu zote, hata zikiwa sahihi, zingekuwa zimesahihisha kitu kisichohitajika.

Kigezo kiandikwe kwa namna inayopimika. “Iwe rahisi kutumia” si kigezo, kwa sababu watu wawili wakibishana juu yake hakuna atakayeshinda. Lakini mkiandika kwamba mtu mmoja aweze kubangua kilo 20 kwa saa, kwamba punje zilizovunjika zisizidi 5 katika kila 100, na kwamba kila kipuri kiweze kutengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapa mjini, mtu yeyote mwenye mizani na saa anaweza kuwahukumu. Swali lako la kujua kama mmefika linajibiwa hapo: mmefika pale mnapotimiza vigezo mlivyoviandika kabla ya kuchora.

Mama_wa_Kongwa alijibu:

Mbukwenyi. Mimi ni mkulima, si msomi wa mambo haya, ila karanga nimebangua tangu utotoni na ningependa vijana hawa wasikie upande wetu.

Muda si kitu kinachotuumiza sana. Kubangua tunakufanya jioni tukiwa tumekaa pamoja, kina mama na watoto, mazungumzo yakiendelea. Kinachouma ni vidole, kwa maana ganda likikauka sawasawa huwa gumu, na baada ya debe la pili ngozi inachubuka. Ndiyo maana wengi hunyunyizia maji kwenye karanga zenye maganda ili zilainike. Tena punje ikivunjika haifai kwa mbegu, kwa hiyo zile za kupanda tunabangua kwa uangalifu zaidi kuliko za kuuza.

Fundi_Vipimo alijibu:

Shikamoo Mama. Umesema jambo ambalo vijana hawa wasingelipata darasani, nami naomba nisimame hapo kwa kirefu.

Maji hayo ndiyo tatizo lenyewe. Karanga iliyoloweshwa kisha ikahifadhiwa ni mahali pazuri pa kuota kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao hutoa sumukuvu. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, na ulaji wake wa muda mrefu unahusishwa na saratani ya ini. Hapa kwetu si habari ya mbali: mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo moja, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo swali sasa si “tubangue haraka kwa njia gani”, bali “tubangue karanga kavu kwa njia gani bila kuumiza vidole wala kuvunja punje”.

Wapo waliolishughulikia. Mvumbuzi Jock Brandis alipokwenda Mali mwaka 2001 alimwahidi mwanamke mmoja mashine ya kubangulia karanga, na kilichopatikana baadaye ni koni ya zege inayozungushwa kwa mkono ndani ya ganda la zege. Mwanya kati ya sehemu hizo mbili ni mpana juu na mwembamba chini, hivyo karanga hushuka mpaka pale mwanya unapolingana na unene wake, ndipo ganda linapopasuka. Msiinakili tu. Jiulizeni kama zege, uzito wake na mwanya wake vinafaa aina za karanga zinazolimwa hapa.

Mkipata mawazo manne au matano, tumieni jedwali la kulinganisha la Stuart Pugh, mtaalamu wa usanifu wa kihandisi. Wekeni njia ya vidole kuwa msingi, kisha kwa kila kigezo mseme wazo fulani ni bora, sawa, au baya kuliko vidole. Jedwali halitawaamulia, ila litawaonyesha mnabishania nini hasa.

Kisha jaribuni kwa udogo. Mama anaishi Kongwa, mahali ambapo Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947 wakilenga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Ujumbe wa John Wakefield, uliotumwa na serikali ya Uingereza, ulikagua maeneo kwa wiki 9 tu, mashine kubwa zikaletwa kabla ya shamba la majaribio kuwafundisha lolote, na udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Kielelezo cha mbao na bati chakavu, kilichojaribiwa kwa debe moja la karanga, kingegharimu mchana mmoja.

MwakaKwanza_Dom aliandika tena:

Shikamooni wazee wangu. Tumekaa jana usiku tukaandika upya: “Kubuni njia ya kubangua karanga kavu, bila maji, itakayotumiwa na mama au kijana akiwa ameketi nyumbani, isiyohitaji umeme, na ambayo punje zake zilizovunjika hazizidi 5 katika 100 kwa karanga za mbegu.” Kasi tumeishusha hadi kilo 10 kwa saa, kwa kuwa Mama amesema muda si shida kubwa. Mwenzetu mmoja bado anapinga, na tumeandika hoja yake kando.

Mama_wa_Kongwa alijibu:

Hapo sasa mnanizungumzia mimi. Neno “ameketi” msiliondoe. Gunia moja la karanga zenye maganda ninalo, njooni Jumamosi mjaribie. Mje na mizani ndogo, kwa sababu yangu ni ya kupimia magunia na haiwezi kusoma punje zilizovunjika.